Kreti ya Soda na Usingizi wa Bibi

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, bibi yangu alitoka chumbani amejifunga leso kifuani, amenikazia macho. "Wewe Mwanaisha, ni mtu anaruka hapa au ni magunia yanashushwa?"

Miaka ya tisini ilikuwa yaelekea ukingoni, na katika timu yetu ya voliboli pale Msambweni hakuna aliyekuwa mfupi kunishinda. Hata hivyo nilitamani nafasi ya mshambuliaji, anayepiga mipira juu ya wavu, na Kocha Mutua, mtu wa bara aliyekuja kwa kazi ya hoteli Diani, angechagua wachezaji wa kila nafasi mwisho wa mwezi. Alitufundisha kushuka kutoka juu ya kreti ya soda, na miguu ikigusa tu chini, kuruka juu papo hapo. Mimi nikaona kreti moja ni ya watoto. Nyumbani, nje ya chumba cha bibi, nikapanga tatu, moja juu ya nyingine! Magoti yakaniuma, na kuruka kwenyewe hakukuongezeka hata kidole.

Nilipomweleza bibi, alitikisa kichwa. "Mpanda ngazi hushuka, mjukuu wangu. Wewe wajua kupanda tu. Bakisha moja. Mimi narudi kulala. Ukiniamsha, bado hujajua."

Basi nikawa nashuka kwa wepesi, magoti yamekunjika kidogo, kisha juu! "Nimekusikia!" sauti ikitoka ndani. Nikirudia, "Nimekusikia!" Siku nyingine alinikataza kabisa kugusa kreti, akisema miguu nayo ina haki ya kulala. Haba na haba hujaza kibaba. Mchana mmoja niliruka hadi nikachoka, na ndani hakuna aliyeniita. Kuchungulia, bibi anakoroma! Nilifurahi hata nusura nimwamshe nimpe habari.

Siku ya kuchaguliwa niliruka hadi juu ya wavu, nikaupiga mpira ukagonga chini kabla wenzangu wa upande wa pili hawajainua mikono. "Ala! Huyu mfupi ameficha springi wapi?" Kocha akapiga kelele, akanipa nafasi yangu. Watu wote walikuwa wakiutazama mpira, isipokuwa ajuza mmoja pembeni ya uwanja, akipiga vigelegele: "Ametua, sijasikia! Sijasikia!"

Mwanangu, utakapotaka kuruka, jifunze kutua kwanza. Anza na kreti moja, na uupe mwili siku zake za kupumzika. Mwenyezi Mungu akupandishe kadiri apendavyo, na kila akupandishapo, akushushe taratibu, hata aliyelala asijue.