Wekundu kwenye Benchi la Tatu

Mimi ni fundi wa vioo hapa Kasongo. Nakata vioo vya madirisha ya maduka, vya kabati za sahani, vya fremu za picha za harusi, na vile vidogo vinavyowekwa juu ya majeneza ya wenye uwezo. Mgongo umeshapinda kwa kazi hiyo, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havina hisia. Nasema haya mapema ili msomaji asinidhanie msanii. Neno hilo alinipa padiri mmoja wa upande wa Kabambare alipokuja dukani kwangu kutaka dirisha la rangi kwa ajili ya kanisa lake. Na mimi, mtoto wa nyumba ya Kiislamu tangu mababu, nikalipokea kama mtu aliyeazimwa koti. Lilinibana, lakini nililipenda.

Padiri alitaka moyo mwekundu wenye miale ya njano, na kijani kuuzunguka. Vioo vya rangi huku kwetu huvipati sokoni. Nilivipata kwa mfanyabiashara aliyevileta kwa ndege kutoka Bukavu vikiwa vimefungwa ndani ya godoro, na chekundu kilikuwa kimoja tu, ukubwa wa sinia. Sasa, moyo una kibonde pale juu, na yeyote aliyewahi kushika almasi ya kukatia anajua kwamba kioo hakipendi kukatwa kwa kuingia ndani. Hupasuka hapohapo. Mafundi wengi huukata vipande viwili na kuficha maungio kwa fremu. Mimi niliukata mzima. Asubuhi yote nilikuwa na koleo, namega punje kwa punje, na ulipotoka bila ufa nilikaa chini nikautazama mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa. Katika miaka yangu yote ya kazi sijatengeneza kitu kizuri kama kile.

Niliubeba mwenyewe mgongoni, umezungushiwa blanketi, siku mbili juu ya pikipiki. Barabara ile haina haja ya kuelezwa. Aliyeipita anaijua, na asiyeipita ana bahati. Tukaufunga juu kwenye ukuta wa mashariki wa kanisa, padiri akapiga makofi, nikarudi nyumbani nikalala siku mbili.

Miezi mitatu baadaye padiri alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Aliniomba nije kuutoa moyo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kila Jumapili, wakati wa mahubiri, jua lilipita kwenye kioo changu na ule wekundu ukaanguka kwenye benchi la tatu upande wa wanawake. Hapo alikaa mjane mmoja mzee, mke wa katekista wa zamani, ambaye hakuwa amebadili nafasi yake tangu mumewe alipokufa. Wekundu ulimkaa kifuani na mikononi. Msimu huo surua ilikuwa imewachukua watoto wawili wa jirani zake. Watu wakaanza kutazama mikono ya yule mama Jumapili baada ya Jumapili, na wakasema kwamba damu inamwonyesha kuwa ndiye aliyewaroga. Benchi la watu sita likabaki lake peke yake. Kisimani wanawake walingoja aondoke kwanza ndipo wateke.

Nilikasirika sana. Na niseme ukweli: nilikasirika kwa ajili ya kioo changu kwanza, yule mama alifuata baadaye. Nilitamani kukataa. Lakini unamkatalia vipi padiri anayeongea kwa sauti ya mtu ambaye hajalala? Nikapanda tena pikipiki, na safari hii ilikuwa mvua. Tulisukuma zaidi ya tulivyopanda. Nilifika Alhamisi, tope mpaka masikioni, nikiwa sina hamu ya mioyo wala ya watu.

Prezida wa komite ya kanisa alikuwa ananisubiri mlangoni. Ni mtu mnene mwenye sauti kubwa, na sikumpenda.

"Fundi, ile nyekundu itoke leo," alisema. "Watu wanaogopa."

Nilimweleza kwa uvumilivu uliobaki. Jua halitoki mahali pamoja mwaka mzima. Linasogea, na wekundu nao utasogea. Baada ya miezi michache utakuwa umeliacha benchi la tatu na kufika kwa waimbaji.

Akafikiri. "Basi kumbe na kati ya waimbaji iko mulozi?"

Padiri alifumba macho. Mimi niliomba maji ya kunawa.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za kanisa, nakwangua tope kwenye viatu, yule mama alipokuja mwenyewe. Sikuhitaji kuambiwa ni nani, kwa jinsi prezida alivyokumbuka ghafla kwamba ana kazi nyumbani. Alikuwa mwembamba, kitenge kimefuliwa mpaka maua yake yamepauka. Alinipa pole ya safari, akakaa ngazi ya chini yangu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama. Unisamehe. Nitakitoa sasa hivi."

"Usitoe."

Nilidhani hakunielewa, nikarudia. Akatikisa kichwa.

"Mutoto yangu, ukitoa watasema ilikuwa kweli. Watasema padiri alinionea huruma, akaficha. Nitabaki mulozi mpaka siku ya kufa, na kioo haiko tena ya kuuliza."

Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na nilichotaka ni kutoa kile kioo, kula, na kwenda kwetu. Nikitoa, naua jina lake. Nikiacha, Jumapili itarudi na wekundu wake. Nikamuuliza, na najua nilimuuliza kwa ukali: "Sasa unataka nifanye nini, mama?"

"Kazi yako mimi siijue," alisema. "Ya kwangu uniachie. Lakini na wao wapate."

Akainuka kwa kushika goti, akaenda zake.

Nilikuwa nimemwelewa mara moja, na ndiyo maana sikutaka kuinuka. Ukuta ule wa mashariki ulikuwa na madirisha sita, matano yakiwa ya vioo vyeupe vya kawaida. Ili wote wapate, moyo ulipaswa kukatwa vipande sita.

Siku ya pili, Ijumaa, baada ya kuswali kwenye msikiti mdogo wa pale, niliushusha. Niliulaza juu ya meza ya padiri, nikaweka rula, nikapitisha almasi. Kioo kizuri hukatika kwa sauti ndogo tu, kama mtu anayevunja kijiti. Niliisikia mara tano. Padiri alikuwa amesimama mlangoni. Iliniuma sana. Mtu akiniambia kwamba ni kioo tu, namwambia sawa, lakini yeye hakukikata kile kibonde.

Nafasi ya moyo niliijaza kwa kioo cheupe, vipande viwili na maungio yake, kama wanavyofanya mafundi wengine, na chini nikabakiza pande moja jekundu, la yule mama. Mengine matano niliyagawa kwenye madirisha. Jumamosi asubuhi, saa ya mahubiri, nilipita na chaki nikiangalia kila wekundu unaangukia wapi. Mmoja ulienda kwa waimbaji. Mmoja niliuelekeza pale anaposimama padiri, kwa ruhusa yake. Na mmoja, kwa ruhusa yangu mwenyewe, niliupandisha na kuushusha mpaka ukakaa sawasawa kwenye kiti cha prezida.

Jumapili nilisimama nje, kwenye dirisha la upande wa pili, naona ndani yote. Kulipoanza mahubiri jua lilipanda, na wekundu ukatokea sehemu sita kwa pamoja. Minong'ono ikaenea kanisani. Prezida alitazama tumbo lake, akasogea kushoto, na jirani yake akasogea pia ili asiguswe. Kwa waimbaji walianza kubanana. Kwenye mabenchi ya nyuma watu walihamia juu ya wenzao, mtoto mmoja akacheka kwa sauti, mama yake akampiga kofi la mgongo. Padiri aliendelea kuhubiri akiwa mwekundu kuanzia shingoni mpaka kwenye mkanda. Hakuugusia kabisa. Yule mama alikaa pale pale, wekundu kifuani, nafasi tano tupu kando yake.

Nilisubiri mtu mzima acheke, au aseme neno, au aone haya. Hakuna. Walibanana tu, kila mmoja akikwepa kipande chake, na mimi nikafikiri: umeukata bure, mzee.

Ndipo akaingia mwanamke mmoja kijana, amechelewa, mtoto mchanga mgongoni. Nyumba yake iko nyuma ya kanisa lile, na maneno yote kuhusu yule mama anayajua. Padiri aliniambia baadaye kwamba yeye ni mmoja wa wale waliokuwa wanangoja kisimani. Alitazama mabenchi, hakuna pa kukaa. Alisimama kidogo katikati, anahema, mvua ya alfajiri imemlowesha nguo na miguu. Kisha akaenda benchi la tatu akakaa. Sidhani ilikuwa huruma. Alikuwa amechoka, na uchovu mimi naujua nikiuona.

Alipoanza kufungua kitenge cha mgongoni fundo lilikataa, maana lilikuwa limelowa. Yule mama alinyoosha mikono tu, akakaa hivyo, mikono myekundu mbele yake. Yule kijana aliitazama. Kanisa lote liliitazama, na mimi dirishani nilishika nondo za fremu.

Kisha yule kijana akamchomoa mtoto kwa juu ya kitenge, akampa. Akafungua fundo lake taratibu, akakamua ncha za kitenge, akakitandaza magotini kikauke. Mtoto alilala kwenye wekundu mpaka matangazo ya mwisho, na mama yake hakunyoosha mkono kumchukua.