Zabibu zangu na mdomo wa Shabani

Shabani amenivunjia heshima kwenye futari yangu mwenyewe!

Nimealika wafanyabiashara wenzangu wa Kibongo, Shabani akiwemo, hapa mtaa wa Xiaobei huku kwa Wachina, nimewatandikia mkeka, nimeweka zabibu nono zisizo na mbegu.
Akadakia: “Msile! Zimepuliziwa homoni. Wanaume mtaota matiti.”
Mikono yote ikarudi.

Sawa, zimepuliziwa. Mbegu ndiyo hutoa homoni ya kukuza tunda. Isipokuwepo, mkulima anapulizia ili zabibu inenepe. Hiyo ni homoni ya mmea; hayo matiti yanatoka wapi, jamani?

Nikamuuliza mbele ya wote: “Na yale makatoni ya homoni uliyopakia jana kwenda kwa wakulima wa zabibu wa Dodoma?”

Hata haya hana: “Ile ni biashara, dada. Kwani zabibu hizo tutakula sisi?”

Watu wa Dodoma, mmemsikia?