Tarehe ya misa

Jumanne nilikuwa kwa fundi wa simu, Birere, hapa Goma, wakati mama mmoja wa Masisi alipofungua fundo la kitenge akatoa simu ya marehemu mume wake. Walipotezana wakati wa kukimbia vita. Waliomzika walimletea simu tu, siku hawakuikumbuka.

"Padri anataka tarehe ya kifo, aiandike kwa misa ya kila mwaka," alimwambia fundi. "Angalia tarehe ya picha ya mwisho aliyopiga, papa."

Fundi aliunganisha simu na kompyuta, akaandika mistari michache.

"Mémoire, pale picha zinawekwa, ni nzima, mama. Iko na saa yake ndogo ya kuipigia mwendo, bila hiyo haisemi neno. Programu ya kompyuta haikujua saa hiyo iko wapi. Sasa nimeielezea."

Picha ikatokea: mbuzi wao, amefungwa kando ya godoro. Mama aligusa kioo kwa kidole kimoja.

"Ni siku gani?"

Fundi alisoma chini ya picha. "Premier janvier, siku ya mwaka mpya, ya mwaka wa 1970."

"Hakuwa amezaliwa."

"Saa ya tarehe ni ingine. Mulikuwa munatoa betri?"

"Kila siku. Tulipeleka betri peke yake kuchajisha, simu isiibiwe."

Kumbe kila betri ilipotoka, simu ilianza kuhesabu upya kutoka siku hiyo ya 1970. Sisi wa Goma, kwa vita na volkano, tumezoea kuanza upya, ila hatujawahi kurudishwa mbali hivyo.

Mama aliifunga simu tena ndani ya kitenge.

"Basi aandike premier janvier," alisema. "Siku hiyo kanisa linajaa. Yeye alizikwa na watu wawili."