Miwani Nyeusi ya Kaka Kahindi

Nakumbuka, mwanangu, kaka yangu Kahindi alivyoingia kwenye fainali ya poka pale Malindi, kavaa miwani nyeusi tititi, akajigonga kwenye kiti, kisha akakiomba radhi akidhani ni mtu.

Wewe leo unaucheza mchezo huu kwenye simu, umejilaza, unashindana na watu wa nchi usizozijua, ukadhani mchezo ulizaliwa hivyo. La. Huku kwetu ulianza na meza moja nyuma ya hoteli nilimokuwa nikifanya kazi. Msimu wa mvua, wageni wakipungua, Mtaliano mmoja mzee aliyehamia hapa aliwafundisha wapishi na watunza bustani, kwa karata zilizochakaa hadi kukatika pembe. Hakuna aliyeweka hata senti. Tulichezea vifungo vya koti. Haba na haba hujaza kibaba. Meza zikaongezeka, walimu wakaja kutoka Kilifi, wafanyabiashara kutoka Mariakani, kikapatikana kikombe, akapatikana na mwamuzi mwenye filimbi ambayo hakuna aliyejua ya nini. Mwishowe ikatangazwa kwamba bingwa wa Pwani atapelekwa Nairobi kwenye mashindano makubwa. Mimi nikafunzwa kugawa karata.

Kahindi alikuwa hodari, sikufichi. Ila alikuwa na ila moja: akishika karata nzuri, masikio yalimcheza kama ya mbuzi aliyesikia mahindi yakimwagwa. Basi mgeni mmoja akaleta kanda ya video ya mabingwa wa ng'ambo. Tukawaona wamevaa miwani nyeusi, nyuso kama kuta. Kesho yake kaka akanunua yake.

"Kaka," nikamwambia, "ukumbi ule una giza."

"Kadzo, bingwa haoneshi macho yake."

Nani humfunza kaka mkubwa? Na tatizo lake, mwanangu, halikuwa macho hata kidogo.

Siku ya fainali kijiji chetu kizima cha Matsangoni kilikuja, maana kaka alikwisha kuwaaga kana kwamba anahamia Nairobi. Mama alikaa mbele. Mezani walibaki wawili: Kahindi, na Bi Salma, muuza maziwa wa Mariakani, mama asiyefunga mdomo. Akipata karata nzuri alisimulia habari za ng'ombe. Akipata mbovu, habari za ng'ombe. Hukuweza kumjua.

Kabla sijagawa, Mama akapaza sauti: "Kahindi! Macho yanakuuma?"

Kaka akakaza uso kama ukuta.

"Yallah, kumbe na masikio hayasikii!"

Watu wakaangua kicheko, na mwamuzi akapuliza filimbi. Hatimaye ilipata kazi.

Nikagawa. Nikafunua karata za katikati, na shupaza tatu zikawa mezani; mwenye mbili zaidi mkononi, zikatimia tano, huzishinda jozi. Kahindi akachungulia mbili zake, masikio yakaanza ngoma. Akavisukuma vifungo vyake vyote mbele, akasimama. Bi Salma akamtazama masikio, akasita, akamalizia kwanza habari ya ndama, kisha naye, liwalo na liwe, akavisukuma vyake.

"Shupaza tano!" Kahindi akapiga kelele, akazibwaga karata zake.

Nami nikaziona. Moja ilikuwa shupaza. Ya pili ilikuwa kopa, mwanangu, kopa nyekundu kama pilipili! Kopa ukiigeuza kichwa chini hufanana na shupaza, na ndani ya miwani ile nyekundu na nyeusi zilikuwa ndugu. Bi Salma akaweka jozi zake mbili, akashinda. Kahindi akavua miwani, akaitazama ile kopa kama mtu aliyekuta mbuzi wa jirani kitandani mwake.

Mama akamfuata palepale. Hakumkaripia kwa sauti. Akamwambia, "Mwanangu, umejificha watu wasikuone, hata nawe ukashindwa kuona. Waliovaa hivyo walijua mchezo kabla ya kujua miwani. Nenda kamsalimie mshindi wako."

Kahindi akaenda, akamwamkia shikamoo, akamwomba amfundishe. Bi Salma akamcheka sana, kisha akamwambia, "Masikio yako hayazuiliki. Basi yafunze uongo."

Mwaka mzima kaka akafanya mazoezi ya kutikisa masikio, karata ikiwa nzuri au mbovu. Mkewe alikaribia kumpeleka kwa mganga. Mashindano yalipofika, hakuna aliyeambulia kitu usoni pale, na kikombe kikaenda Matsangoni.

Ndiyo nasaha yangu, mwanangu. Ukimwiga tembo kunya, utapasuka msamba. Ukimwona bingwa, usiulize kavaa nini. Uliza alifunzwa na nani, na alishindwa mara ngapi. Aliyekushinda msalimie kwanza, kwani huenda ndiye mwalimu wako. Na ila uliyozaliwa nayo usiionee haya kabla hujajaribu kuipa kazi.

Mola akupe subira ya kujifunza, akuepushe na kiburi, akujaalie watu watakaokwambia kweli na bado wakakupenda. Amina.