Vipimo vya Mama Mkwe

Mtaani walimwita Mzizi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake, maana alilipata kwa kazi ya mikono yake. Wapo mafundi wa simu wanaobadilisha vioo, wapo wanaosafisha tundu la chaji kwa mswaki na spiriti, na wapo wachache, kama yeye, wanaoifungua simu hadi mzizini. Hao huingia kwenye mafaili ya ndani kabisa, yale ambayo kiwanda huyafungia ili mwenye simu asiyaguse, wakayabadilisha watakavyo. Simu nzito inakuwa nyepesi, sauti hafifu inanguruma, na zile programu zilizokuja na simu zikagoma kuondoka, zinaondoka.

Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango na nusu, kimebanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Ukutani alikuwa amebandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: NAKALA KWANZA, KAZI BAADAYE. Maana yake ni kwamba kabla hujagusa faili lolote la mfumo, unalinakili na kuliweka pembeni, kwenye memori kadi au kompyuta. Mambo yakienda mrama, unalirudisha lile la zamani na simu inaamka kama ilivyolala. Mzizi aliwahubiria mafundi wenzake jambo hilo mpaka wakamchoka.

“Mimi asiyeweka nakala simwiti fundi,” alikuwa akisema huku akipuliza vumbi kwenye bisibisi. “Namwita mcheza kamari.”

Sasa tumwache hapo kidogo, tumtazame mama mkwe wake.

Mama huyu alikuwa mshonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia iliyokwanguliwa na mikasi, na kioo kirefu kilichopasuka kona. Wateja wake walikuwa walewale wa miaka nenda rudi: wauguzi, walimu, wanakwaya, na mabibi harusi ambao siku hizi walikuwa wakimletea mabinti zao. Kuvaa nguo iliyopita mikononi mwake ilikuwa sifa. Alikuwa mpole, lakini mpole wa kuogopwa. Akikutazama juu ya miwani bila kusema neno, unakumbuka makosa yako yote.

Simu aliyokuwa nayo alipewa na Mzizi, mkwe wake, miaka mitatu nyuma. Haikuwa mpya. Mzizi aliinunua kwa mtu, akaifungua hadi mzizini, akaisafisha, akampelekea mama kama zawadi. Mama aliipenda mno, naye Mzizi kichwa kikavimba.

Jumapili moja mchana familia ilikuwa imekusanyika pale kwa mama. Mke wa Mzizi alikuwepo, na kaka zake wawili, wanaume wenye vifua na maneno, ambao tangu siku ya posa walikuwa wakimtania Mzizi kwamba dada yao ameolewa na muuza chaja. Wakati chai inamiminwa, mama akamsogezea Mzizi simu.

“Mwanangu, hizi herufi hazikui tena? Nimezivuta mpaka mwisho na bado ni ndogo. Macho yamechoka kidogo.”

“Hapo ndipo walipoishia wa kiwandani, mama,” Mzizi akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. “Mimi ndipo ninapoanzia.”

“Shemeji, usije ukatuulia simu ya mama,” mmoja wa shemeji zake akasema.

“Dakika mbili. Hiyo chai haitapoa.”

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Ndani ya simu kuna faili moja lenye mistari mingi ya mipangilio, na katika mistari hiyo kuna namba inayoamua ukubwa wa kila kitu kinachoonekana kwenye kioo. Unaibadilisha namba, unahifadhi, unalirudishia faili ruhusa zake za kusomwa kama ulivyozikuta, maana bila hizo simu haiwaki, unazima na kuwasha. Alishafanya hivyo mara mia. Kidole chake kilisimama juu ya neno “nakili”. Memori kadi haikuwamo. Ingebidi aombe ya mtu, au aifuate kibandani, na shemeji zake walikuwa wanatazama saa kwa mzaha, wanahesabu kwa sauti. Akaruka hatua ile. Na katika haraka hiyohiyo akasahau zile ruhusa pia.

Simu ikazimika. Ikawaka, ikaonyesha nembo ya kiwanda, ikazimika tena. Ikawaka, nembo, ikazimika.

Dakika mbili zikapita. Dakika kumi zikapita. Chai ikapoa.

“Inajipanga,” Mzizi alisema, na jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. Shemeji zake, kwa mara ya kwanza, hawakumtania, na hilo lilimuuma kuliko utani. Akasimama. “Ngoja niipitishe kibandani mara moja, kuna waya nimeuacha.”

Kama angekuwa na ile nakala, ingekuwa kazi ya dakika tano. Hata bila nakala, angetulia tu angeweza kulitafuta faili kama lile mtandaoni na kulipachika mahali pake, vitu vya mama visiguswe. Lakini Mzizi hakuwa na utulivu. Alichotaka ni kurudi kabla vikombe havijaoshwa. Aliiunganisha simu na kompyuta, akaamua kuipakia mfumo mzima upya, na kwenye kile kisanduku kinachouliza kama afute vyote vilivyomo, mkono wake ukaweka tiki kwa mazoea tu. Alijiambia, mama ana nini humu? Namba za watu ziko kwenye laini. Picha za wajukuu tunazo sote.

Simu ikawaka inang'aa kama imetoka dukani. Akazikuza herufi, safari hii kwa hatua zote na kwa nakala, akarudi anatembea kwa madaha. Herufi zilikuwa kubwa kama za kwenye mabango. Mama akatabasamu, akaishika karibu na uso, akabonyeza, akabonyeza tena. Tabasamu likapungua taratibu.

“Sauti zangu ziko wapi?”

“Sauti gani, mama?”

“Vipimo vyangu.”

Hapo ndipo Mzizi alipojua. Tangu apewe simu ile, mama aliachana na daftari. Alikuwa akiweka vipimo vya kila mteja kwa kurekodi sauti yake mwenyewe: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, bega la kushoto la fulani limeshuka kidogo, fulani hapendi shingo inayobana. Watu arobaini na kitu. Vyote alivirekodi wakati macho yake bado yanaona mistari ya utepe.

Shemeji zake walikuwa wanamtazama. Mke wake naye alikuwa anamtazama, akauliza polepole, “Si uliweka nakala, baba watoto?”

“Niliweka,” akasema. Neno lilitoka lenyewe, na lile lililofuata likatoka kwa urahisi zaidi. “Tatizo si hilo. Mama, hii simu ilikuwa imechoka ndani. Kumbukumbu yake ilikuwa inakufa, hata nakala imetoka tupu. Hata nisingeigusa, wiki hii ingezimika. Bahati nimeiwahi.”

Mama akaiweka simu mapajani, akaifunika kwa kiganja kama mtu anayeficha doa kwenye nguo.

“Basi ni mimi,” akasema. “Juzi iliniponyoka ikaanguka kwenye saruji. Niliona haya kukuambia, kwa kuwa ni zawadi yako. Nisamehe, mwanangu.”

Mzizi akasema, “Haina neno, mama.”

Haina neno! Yeye ndiye aliyesamehe. Alirudi nyumbani jioni ile, mke wake akamsifia njia nzima kwa kuwa hakumkaripia mama, na kila sifa ilimwingia kama mwiba wa kwenye soli, ule unaoukanyaga na kuukanyaga tena kila hatua.

Wiki tatu akaishi hivyo. Alijaribu programu zote anazozijua za kufufua vilivyofutwa, akiiazima simu ya mama kwa visingizio, na hakupata hata sekunde moja ya sauti. Mteja akiingia kibandani na kusoma ile karatasi nyekundu, Mzizi alikuwa anageukia pembeni kutafuta kitu ambacho hakijapotea. Mwishoni akaibandua. Kinyozi jirani akamuuliza kulikoni. Akasema gundi imekauka.

Jumamosi moja asubuhi yeye na mke wake walimpitia mama. Walimkuta na mteja, muuguzi mmoja mnene mcheshi aliyeshonewa pale miaka kumi na minane. Muuguzi alikuwa amesimama mbele ya kioo ndani ya gauni jipya lililokataa kufunga mgongoni.

“Mama, leo umenishonea mimi au umemshonea mdogo wangu?” Muuguzi alikuwa anacheka. “Hebu nipime tena. Labda ni mimi nimefura kama maandazi.”

Mama akamzungushia utepe kiunoni. Akauleta karibu na macho, akausogeza dirishani, akaurudisha. “Thelathini na sita,” akasema.

Muuguzi akainama kutazama. Kicheko kikamwisha. Macho ya wagonjwa alikuwa anayajua, ndiyo kazi yake. “Mama,” akasema kwa sauti ya chini, “hapa ni arobaini na mbili.”

Mama akauviringa utepe kidoleni, mzunguko baada ya mzunguko. “Vipimo vyako nilikuwa navyo kwenye simu,” akasema. “Vyenu nyote. Kwa hivyo nilikuwa sihangaiki. Nikaiangusha simu, uzembe wangu.”

“Mama, tangu lini huoni?” mke wa Mzizi akauliza, na sauti yake ikakatika.

Mama alikuwa anakusanya pini mezani kwa kupapasa. Mzizi alisimama mlangoni na mikono yake miwili, asijue aiweke wapi. Siri aliyoificha mama kwa miaka miwili ilikuwa imeanikwa mbele ya mteja, na yeye ndiye aliyeianika, na bado mama alikuwa anajitwika kosa lake. Akasema anakwenda kuangalia pikipiki nje, ingawa hawakuja na pikipiki.

Ilimchukua mpaka Jumatatu. Saa sita mchana alishusha mlango wa kibanda, akaenda peke yake. Mama alikuwa ameketi kwenye cherehani bila kushona.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona saa za kazi?”

Alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, macho sakafuni, kwenye vipande vya nyuzi: kwamba simu ilikuwa nzima, kwamba hakuweka nakala kwa sababu alitaka kujionyesha kwa shemeji zake, kwamba alifuta kila kitu kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba ile habari ya kumbukumbu kufa aliitunga palepale.

Mama akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la nguo.

“Mimi nimewahi kuharibu vitambaa vya watu,” akasema. “Kimoja cha harusi, siku mbili kabla. Sikumwambia mwenyewe kwamba alikileta kimechanika.”

“Nisamehe, mama.”

“Nilikuwa silali nikifikiria ile saruji. Unajua? Nikijiuliza kwa nini sikuishika vizuri.” Sauti yake haikupanda hata kidogo, na Mzizi alitamani ingepanda. “Kukusamehe nitakusamehe, wewe ni mume wa mwanangu. Lakini watu wangu wote itabidi wapimwe upya, na kila mmoja atauliza kwa nini. Mimi sitajibu. Utajibu wewe.”

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi nne mfululizo Mzizi alikaa kwenye kigoda karibu na meza ya kukatia, daftari mapajani. Mama alishika utepe, binti yake akasoma namba, Mzizi akaandika. Na kila mteja alipouliza, mama alikaa kimya akimsubiri mkwe wake.

“Ni mimi,” Mzizi alikuwa akisema. “Nilikuwa nafanya kazi kwenye simu ya mama, nikavifuta.”

Wengine walicheka. Mwalimu mmoja mstaafu alisema, “Si wewe uliyekuwa ukitupigia kelele za nakala pale kibandani?” akasubiri jibu kwa utaratibu wa darasani, na Mzizi akalazimika kusema ndiyo, ni mimi. Shemeji zake walipita Jumamosi ya pili, wakakaa wakasikiliza mara tatu nne, wakaondoka bila kutania. Alidhani mara ya kumi itakuwa rahisi kuliko ya kwanza. Haikuwa. Ya thelathini nayo masikio yalimpata moto vilevile. Wateja sita hawakurudi kabisa, kwa kuwa sasa walijua habari za macho.

Habari za macho zilitatuliwa na yule muuguzi. Alimpeleka mama hospitali kwa mkono wake, wakakuta ni mtoto wa jicho, akapasuliwa jicho moja kisha la pili. Miezi michache baadaye mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano bila kukunja uso. Watu walimshukuru muuguzi, na walikuwa na haki.

Mzizi bado yuko kibandani, bado wanamwita Mzizi. Anaweka nakala ya kila kitu, mara mbili, hata wateja wanalalamika kwamba anakawia. Mama hajamnunia. Akienda kwake anamwekea kiti, anamuuliza habari za watoto, anamwita mwanangu.

Ila mwezi uliopita simu ya mama ilisumbua chaji. Mzizi alimwona akija kwa mbali, mkoba begani, simu mkononi, akasimama haraka kupangusa kiti cha wateja. Mama akapita mbele ya kibanda, akapunguza mwendo.

“Hujambo, mwanangu?”

“Sijambo, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Wasalimie watoto.”

Akavuka barabara, akaingia kwa fundi wa simu wa upande wa pili.