Tetea wa Sokoni

Nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili tu, tena kichwa kigumu. Mama yangu alinipa kuku mmoja nije naye kwa mume wangu, nje kidogo ya mji wa Tabora, kando ya njia ya wapagazi wa zamani. Ndiyo kwanza naanza kufuga. Kuku akaangua vifaranga kumi na kimoja, nikaringa navyo kweli kweli.

Mama mkwe alinionya nisilete kuku wa sokoni kabla hajamwona. Nikasema hewala, kisha nikanunua. Alikuwa tetea mzuri, ila amelegeza mabawa. Mwuzaji akasema ni jua tu. Mjinga mimi nikamtia bandani na wenzake.

Siku ya nne akafa, kuku wa mama naye akamfuata. Vifaranga navyo vikaanza kupinda shingo na kusinzia vimesimama. Ni kideri, ugonjwa unaomaliza banda zima. Kila asubuhi nilifungua banda nikalia. Vilipobaki vitatu nikavitia kwenye tenga nivikimbize kwa mama, vikapone huko. Zaidi niliogopa maneno ya watu. Wangesema nimekuja na mkosi, na mwanamke wa mkosi hurudishwa kwao.

Mama mkwe akanikuta njiani. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, unampelekea mama yako kifo kwenye tenga?"

Nikageuza, nikamfuata. Vitatu vile vilikufa siku hiyo hiyo, tukavichoma na kufukia majivu. Wiki haikuisha, kuku wa mama mkwe nao wakafa wote, ukoo aliouanza wakati mume wangu bado anatambaa. Nikasubiri anigeukie.

Majirani wakaja kutoa pole, macho yote kwangu. Mmoja akauliza ugonjwa umeingiaje. Mama mkwe aliendelea kupepeta mtama.

"Nilinunua kuku mgonjwa mimi mwenyewe. Uzee huu, macho hayaoni tena."

Na hakukuwa na mtu pale kijijini aliyemshinda kumjua kuku mgonjwa. Nilimpenda mwanamke yule tangu siku ile mpaka tulipomzika.

Banda lilikaa tupu hadi baada ya mavuno. Ndipo akanipa tenga, akaniambia nikalete tetea wa mbegu. Nikamwomba twende wote.

"Si nina macho mabovu? Nenda wewe."

Niliwachosha wauza kuku siku hiyo. Niliinua mabawa, nikachungulia macho, nikafunua mikia, hata mmoja akaniuliza kama natafuta kuku au mchumba. Nikarudi na tetea mmoja. Mama mkwe akampokea kwenda kumfungia peke yake, kama tulivyopatana. Nikasimama nikingoja amgeuze, amtazame.

Hakumkagua.