Mchi wa Bibi Gaudensia

Bibi Gaudensia anakaa peke yake nyuma ya kwetu, hapa Kiabakari. Mume wake, marehemu mzee Nathanieli, alichimbaga dhahabu Buhemba. Siku moja alirudi na miche miwili ya porini kwenye kopo la rangi, akaipanda uani. Mwalimu wetu wa bayolojia anasema ni persimoni za porini. Sisi tunaiitaga tu miti ya mzee.

Mmoja ulizaa matunda ya njano, matamu. Kila Juni, shule zikifungwa, mjukuu wake Clever alikuja kutoka Mwanza kuyala. Wa pili ulitoa maua tu. Mzee alipofariki, bibi akamwita fundi Machibya.

"Huu unakula mbolea bure. Nichongee mchi."

Mchi ukatoka mzito kama chuma. Lakini tangu hapo, miaka minne, mti uliobaki haukuzaa. Clever naye hakuja.

"Aje kufanya nini?" bibi aliniulizaga. "Kuniangalia mimi? Kwani mimi ni tunda?"

Mwaka jana darasani tukasoma kwamba kuna miti dume na miti jike. Nilikimbia kwa bibi na yunifomu. Alikuwa anatwanga makopa ya muhogo.

"Bibi! Ule ulioukata ulikuwa dume! Bila dume, huu hauwezi kuzaa!"

Akautazama ule mchi mkononi mpaka nikatamani ningenyamaza.

"Kumbe miaka yote hii natwanga muhogo kwa mume wa huu mti."

Tukacheka. Yeye aliacha kwanza.

Wegesa, mchunga ng'ombe, akaniambia kuna miti mingine kama hiyo kwenye mawe, njia ya Butiama. Novemba nikaenda, nikatafuta dume, ule wenye maua mengi ambao chini yake hamna hata kokwa moja. Nikakata matawi, nikayabeba kwenye ndoo ya maji. Tuliifunga ndoo katikati ya mti wa bibi, nyuki wakafanya kazi yao.

Yakashika matunda kumi na moja! Bibi akanituma nimpigie Clever.

"Mti umezaa!" nikamwambia.

"Eeh? Sawa, nitaangalia. Nina tuisheni."

Juni bibi aliyachuma, akayafunika kwenye sahani. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, alikuwa anainuka. Hakula hata moja. Likizo ikaisha, yakaanza kunywea.

"Haya, kula wewe," akanisogezea sahani.

Nilikula. Yalikuwa matamu mno. Yeye aliokota mbegu, moja moja, akazitia kwenye kopo la rangi.

"Nitazipanda zote. Na dume sikati tena."

Ule mchi ameuegemeza kwenye shina la mti, hautumii. Akitaka kutwanga, anakuja kuazima wa kwetu. Anakujaga kila siku, hata siku ambayo hana muhogo.